Bawa Moja, Chupa Mbili

3 Machi

Mdogo wangu Miguu,

Shikamoo yako sikuiona kwenye barua ya mwisho, lakini marahaba naitoa hivyo hivyo. Mtu akikaa porini miezi mitatu na mpishi mmoja tu, adabu humtoka. Mimi mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo. Kutwa nimeinama juu ya sinia jeupe, kibano mkononi, nabagua wadudu uliowatega wewe. Wenzangu hapa wameniita Mama Chupa na jina limeganda.

Uliuliza kwa kejeli kama bado nahesabu miguu. Ndiyo, bado. Sita, sinia la kushoto. Minane, buibui na jamaa zake, kulia. Ikizidi hapo ni tandu na jongoo, wana bakuli lao. Wale wa sita nawatazama mabawa, na mwenye mabawa ya juu magumu kama kucha namweka na mbawakawa wenzake. Kisha Daktari anawachukua, anawapeleka kwenye familia zao, na ndani ya familia anawatenga aina kwa aina. Wengi hawana jina hata kwenye vitabu vyake, hao tunawapa namba. Jana nilimkabidhi Mbawakawa wa Arobaini na Moja, nikamwambia, "Huyu jina lake Mungu analijua, sisi ndio wageni." Akacheka, na yule mama hachekicheki.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Daktari amenieleza kwamba kuhesabu aina peke yake hakutoshi. Chukua vitalu viwili, kila kimoja wadudu mia, kila kimoja aina kumi. Kwenye cha kwanza kila aina wako kumi. Kwenye cha pili sungusungu ni tisini na mmoja, na zile aina tisa zilizobaki ni mmoja mmoja. Idadi ya aina ni sawa, lakini hicho cha pili ni kama harusi ambayo wageni wote wametoka upande wa bwana harusi. Halafu analinganisha kitalu na kitalu, aone nani yuko huku na hayuko kule.

Na hapo ndipo penye presha. Kitalu cha tisa ndicho pekee kilicho ng'ambo ya kijito, kwenye kilima wanachokitaka watu wa kokoto. Kikiwa na wadudu wake ambao hawapo kwingine, Daktari ataandika kilima kisiguswe. Wakiwa walewale wa cha nane, hana hoja, mashine zitapanda. Ripoti inafungwa mwisho wa Mei. Kwa hiyo chupa za tisa nakuomba uziangalie kama yai.

Na huo mwandiko wako, ndugu yangu! Herufi kubwa kama tangazo la ukutani, mistari inapanda juu. Unaandika ukiwa juu ya punda?

Dada yako,
Mama Chupa

*

5 Machi

Dada,

Shikamoo, shikamoo, na nyingine ya akiba.

Huku mvua. Hema linavuja upande wangu tu, upande wa mpishi kukavu, nadhani ana mkataba na mawingu. Chakula anakichemsha mpaka kinakiri makosa.

Kazi inaenda. Vikopo kumi kila kitalu, nimevifukia midomo sawasawa na ardhi, maji ya sabuni ndani. Mdudu anatembea na shughuli zake, tumbukwi. Baada ya wiki nachuja, natia kwenye chupa ya spiriti na kijikaratasi cha penseli, kwa kuwa wino unayeyuka. Kijito kimejaa, daraja ni lile gogo. Usihofu. Chupa ya nane na ya tisa anakuletea dereva wetu Breki kwenye gari la vifaa.

Mwandiko wangu uuache. Wa kwako ndio wa sisimizi. Andika kubwa na wewe, tufanane.

Miguu

*

17 Machi

Mdogo wangu,

Nimeianza barua hii mara nne, na takataka za chumba hiki zote ni zangu.

Jumatatu iliyopita nilifungua chupa ya nane. Humo nikamkuta mbawakawa mwekundu wa kutu, ana madoa mawili ya njano begani, bawa gumu la kulia halipo. Nikamweka pembeni, nikasema ameliwa. Alhamisi nikafungua ya tisa. Chini kabisa, chini ya siafu, bawa gumu moja. Jekundu la kutu, doa moja la njano. Nilimtoa yule wa nane, nikasogeza lile bawa kwa ncha ya sindano. Miguu, lilikaa. Hata pale ukingoni palipomeguka kidogo, pengo kwa pengo.

Mdudu mmoja hawezi kufia vitalu viwili, na kijito katikati.

Nikazihesabu upya chupa zote mbili. Aina zilezile, uwiano uleule, kama mtu aliyekata mkate. Daktari hajui habari za bawa. Yeye ameona hesabu tu, akavua miwani, akasema, "Basi kilima hakina chake." Akaenda dirishani akasimama. Miaka sita amekipigania kilima kile.

Niambie mimi, dada yako niliyekubeba mgongoni. Umefika ng'ambo, au hukufika?

Dada

*

19 Machi

Dada,

Bawa ni jepesi. Huku kuna upepo. Au chujio halikuoshwa, bawa likabaki humo likaingia chupa nyingine. Kazi ya porini si ya kwenye sinia jeupe na kiti chenye mto.

Unanitungia kesi kwa kipande cha mdudu? Wewe ulianza kazi hiyo ukifagia, leo umekuwa hakimu.

Vitalu vyote vimetegwa. Chupa hizi hapa, zote tisa.

Miguu

*

31 Machi

Miguu,

Ni kweli nilianza kwa kufagia. Daktari aliniona nimeinama juu ya nondo aliyekufa sakafuni, nimeacha kufagia ili nisimvunje, ndiyo sababu akanipa kibano. Sijasahau na sioni aibu.

Chujio nililiwaza kabla yako. Lakini chujio halibebi sungusungu mia moja na kumi na wawili. Na hizi chupa mpya ni mapacha tena.

Sipati utulivu. Nikisali, katikati ya sala nahesabu siafu. Nimefunga siku tatu, siku ya tatu nikamfokea binti yangu kwa kikombe. Nimekuwazia mabaya yote: uvivu, pombe, mwanamke wa kijiji cha jirani, hata kwamba watu wa kokoto wamekuweka mfukoni. Halafu nakumbuka wewe ndiye uliyekuwa unarudi dukani kwa sababu muuzaji amekuzidishia pipi moja, nachanganyikiwa upya.

Nikinyamaza, kilima kinaondoka kwa uongo, na mimi ndiye niliyeuona. Nikisema, kazi yako imekwisha. Nimemwomba Mungu anipe njia ya tatu, sijaiona. Kesho Breki anakuletea barua hii. Keshokutwa asubuhi naingia ofisini kwa Daktari. Nakwambia mapema ili usije ukasema nilikuzunguka.

Nisamehe.
Dada

*

2 Aprili

Dada yangu,

Mpishi amenisomea barua yako hii. Na iliyotangulia pia alinisomea yeye, tena kwa sauti, sufuria zikichemka, wabeba mizigo wamekaa. Ndiyo maana nilikujibu vile. Nilikuwa namjibu mpishi.

Siwezi kusoma herufi zako tangu Januari. Jicho la kushoto ni giza. La kulia naona kama kupitia kioo cha bafuni chenye mvuke. Naandika kwa kuweka rula, halafu rula inateleza, ndiyo punda wako huyo.

Vitalu vinane navijua kwa nyayo. Najua mzizi, najua jiwe, najua pa kugeuka. Gogo silijui. Maji yakipita chini naona gogo linatembea nayo. Kila wiki nimekwenda na vikopo kumi vya tisa. Nafika, nakaa pale mwanzo wa gogo, najiambia leo. Mara moja nilipiga hatua tatu. Jua likishuka narudi, namimina nusu ya chupa ya nane kwenye ya tisa. Labda ndipo nilipomvunja huyo wa kutu, sikumwona.

Unakumbuka baba alipopofuka, nani alimshika mkono? Mimi. Watoto wakimwekea kiti njiani ili wacheke. Nilikuwa nasikia jinsi anavyopumua kabla hajavuka mlango. Sasa napumua hivyo mimi. Nilidhani nikifika mwisho wa Mei bila mtu kujua, nitaondoka kwenye kazi kwa miguu yangu.

Kilima sikukifikiria. Nilifikiria kiti.

Mwambie Daktari. Sema yote.

Miguu

*

3 Aprili

Kwa Mtegaji, Kambi ya Kijito.

Nimepokea taarifa, nami nimezikagua chupa mwenyewe, kwamba sampuli za kitalu cha tisa hazikutoka kitalu cha tisa. Data zote za kitalu hicho tangu Januari nimezifuta. Umesimamishwa kazi kuanzia leo. Utarudi mjini na gari la tarehe 17. Vifaa vyote mkabidhi mpishi kwa orodha.

Katika miaka yangu yote ya kazi hii, mtegaji niliyemwamini kuliko wote ulikuwa wewe.

Daktari

*

14 Aprili

MDOGO WANGU,

Nimenunua kalamu nene. Karatasi moja, maneno machache. Kaa nayo juani uisome mwenyewe.

Barua hii naileta kwa mkono wangu. Nitakuwa nimesimama mbele yako unapoisoma. Mdomoni haitoki.

Nilisema ofisini tarehe mbili asubuhi. Barua yako Breki aliniletea tarehe tatu alasiri, wino wa barua ya Daktari umeshakauka. Siku moja, Miguu. Niliisoma nimesimama ngazini, nikakaa palepale ngazini, watu wakanivuka.

Nilikuwazia pombe. Nilikuwazia mwanamke. Macho sikuyawaza, mimi ninayeona doa la njano kwenye bawa.

Nilimrudia Daktari na barua yako. Alisoma mara mbili. Akauliza, "Kwa nini hakusema?" Nikamwambia habari za kiti cha baba. Kazi ya kutega hakukurudishia. Alisema uongo ni uongo hata ukiwa na sababu. Lakini amepiga simu hospitali ya macho. Unasubiriwa tarehe 22.

Na mimi nabaki hapa. Nimemwomba, amekubali. Kitalu cha tisa nakitega mimi.

Usinibishie. Nioneshe tu gogo lilipo.

DADA

*

28 Aprili

Dada,

Mwandiko huu mzuri si wangu, ni wa mpwa wangu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nina bandeji na nimekaa kwenye kiti chako karibu na dirisha.

(Mama, anakula kama amefungiwa mwaka. — Binti yako)

Nimemsikia anaandika kitu ambacho sijasema.

Wamesema la kulia ni mtoto wa jicho, wamemtoa. La kushoto ni presha ya macho, limechelewa. Daktari wa macho ni kijana, ameniambia, "Mzee, ungekuja mwaka jana." Mzee! Nikamwambia mwaka jana sikuwa mzee.

Siwezi kutulia. Gari likipita nadhani ni Breki. Naamka, natembea mlangoni mpaka jikoni, hatua kumi na moja, narudi. Nakuwaza kwenye gogo. Ulipofika kambini hukuniambia kama unaogopa maji, na mimi najua unaogopa maji tangu utotoni. Dada, kama ni kukaa, kaa. Usisimame kwa ajili ya kunionesha.

Ukitega, vikopo visiwe kwenye mstari mmoja. Viwili uviweke chini ya magogo yaliyooza. Hapo ndipo wanapokaa wale wenye haya.

(Anauliza kila saa kama umeandika. Andika. — B.)

Miguu

*

30 Aprili

Mdogo wangu Miguu, na wewe binti unayesoma kwa sauti, soma taratibu,

Nimevuka. Sikusimama hata kidogo. Nilikaa nimepanua miguu kama nimepanda ng'ombe, nikasogea kwa makalio, shanga za sala mdomoni kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Mpishi alikuwa ukingoni anasema, "Vizuri, mama, vizuri," huku amefumba macho. Sketi moja imeniharibikia. Nilipofika ng'ambo nililia kidogo, nikafukia kikopo cha kwanza.

Lakini kabla sijavuka niliona kitu. Pale mwanzo wa gogo nyasi zimelala, duara la mtu mmoja, udongo umekuwa laini kwa kukaliwa. Na chini ya mzizi, vikopo kumi vimepangwa kimoja ndani ya kingine, visafi, mdomo chini ili mvua isiingie. Ulivifuta kila wiki, Miguu. Nimekaa hapo kwanza, kwenye nafasi yako, mpaka pumzi iliporudi. Hivyo vikopo ndivyo nilivyotega.

Kesho Breki anabeba chupa ya kwanza ya tisa, ya tisa kweli. Sijui ina nini. Hapa sina sinia wala darubini, naona vitu vinaelea tu. Wiki nzima nimeogopa usiyoyajua wewe: je, kama tungekuwa tumesumbuka hivi, na kumbe ng'ambo ni walewale? Mungu hakutuahidi kwamba ukweli utatupendeza. Nimeshamwambia nitaupokea. Namwambia kila siku, maana yake bado sijaupokea.

Shikamoo zako zimeongezeka tangu upofuke nusu. Marahaba kwa zote.

Dada

*

9 Juni

Dada,

Shikamoo. Tazama mistari. Imelala chini kama watoto walioshiba.

Naandika kutoka kwenye sinia lako. Usishtuke. Daktari alinipeleka Jumatatu, akaniweka mbele ya ile darubini ya zamani ya kabatini, yenye tundu moja la kutazamia, ambayo wenzako hawaitaki. Akasema, "Hii haihitaji zaidi ya jicho moja." Hakusema amenisamehe. Alisema, "Anza na miguu." Mezani aliniwekea sanduku dogo la kioo, ndani yule wa kutu, bawa lake limegundishwa. Limebaki hapo ninapokaa. Nadhani ni makusudi.

Sasa habari yenyewe, najua umeruka mistari ya juu kuitafuta. Chupa zako za tisa, zile za Mei zote: aina hamsini na nane. Ishirini na sita hazipo kwenye kitalu kingine chochote. Na hapo kumi na tisa tumewaona mara moja tu, mmoja mmoja. Mimi nikasema basi hao mmoja mmoja hawana uzito. Daktari akaniambia hao ndio wenye uzito. Wale ulioonana nao mara moja wakiwa wengi, ujue kuna wengi zaidi ambao hujaonana nao kabisa. Ana hesabu ya kuwakadiria watu ambao hawajafika. Nilitaka uwepo umsikie, ungesema amina.

Kwenye ripoti aliandika mpaka kosa langu, ukurasa wa nne, bila kunitaja. Waheshimiwa serikalini wamejibu Ijumaa: mashine zisipande mpaka kilima kihesabiwe mwaka mzima, mvua na kiangazi. Si ushindi, alisema Daktari, ni mwaka. Watu wa kokoto wamekasirika na wameweka wakili. Daktari hakai chini siku hizi, anakunywa chai akitembea.

Kwa hiyo anauliza kama utabaki huko mwaka mzima. Mimi nilimjibu kabla yako, kwamba sketi unazo nne tu, ila zikitosha utabaki. Binti amesema nitaanza kupika mimi. Mungu amsaidie.

Na sasa kesi yako. Alhamisi nilifungua chupa yako mpya ya tisa. Lebo, kile kijikaratasi cha ndani, imechafuka, dada yangu, penseli ibonyeze. Ndani nikakuta mguu mmoja wa mbawakawa, mweusi, wenye miiba, na mwenyewe hayupo. Nikamtafuta kwenye chupa ile, hayupo. Nikafungua ya nane, hayupo. Ijumaa nzima sikula. Nilijiambia, siyo dada, haiwezekani ni dada. Halafu nikajiambia, lakini gogo analiogopa. Nilikuwazia kila kitu, na mpishi pia.

Leo asubuhi nimeigeuza lebo yako. Amelala nyuma yake, amenata, miguu mitano.

Nilimweka kwenye sinia, nikausogeza ule wa sita mpaka ukakaa. Kisha nikabaki pale mkono shavuni, kazi imenishinda. Mimi nimemtafuta mdudu siku tatu, nikampata. Wewe ulitafuta wiki mbili mahali pengine pa kuliweka lile bawa, na kila ulipogeuka ulinikuta mimi.

Mdogo wako,
Miguu